Kabla ya Python, angalia jina lako: safari ya Ujerumani kutokea Mwanza

Mdogo wetu aliyeuliza yuko Nyegezi, anasoma kompyuta mwaka wa pili. Amepata nafasi ya masomo ya wiki tatu Ujerumani mwezi wa saba, na anataka kujua: miezi minne iliyobaki aanze kunoa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, au aanze kuhangaikia pasi? Mimi nilitokea Mwanza hiyohiyo kwenda kwenye masomo ya aina hiyo, kwa hiyo nivumilieni, nitajibu kwa kirefu.

Anza na jina.

Babu yangu ni Ng'wandu, na cheti changu cha kuzaliwa kinasema hivyo. Mwalimu wa darasa la kwanza akaandika Ngwandu, bila kile kialama cha juu, na ikaenda hivyo mpaka kidato cha sita. Kwenye kitambulisho cha taifa nikawa Mwandu. Siku ya kujiandikisha nilitamka harakaharaka, kisha nikasaini fomu bila kuisoma. Nilipopeleka maombi ya pasi, afisa alizipanga karatasi zangu mezani, akazikodolea macho, akauliza, "Kijana, hawa ni babu wangapi?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Ikabidi nitafute wakili wa kuniapisha, nirekebishe kitambulisho, ndipo nirudi kupanga foleni. Wiki tano zikaishia hapo.

Wasukuma wenzangu wenye ng' kwenye ukoo mnanielewa. Na hata majina yote yakilingana, ile mistari miwili ya chini kwenye pasi, inayosomwa na mashine, haina kialama hicho. Inaandika NGWANDU basi. Unapokata tiketi ya ndege, fuata herufi hizo.

Pasi yenyewe haina maajabu. Unajaza maombi mtandaoni, unalipa (mimi nililipa shilingi 150,000), unapeleka nyaraka Uhamiaji palepale Mwanza. Kazi ipo kwenye viza, kwa sababu alama za vidole hazitumwi kwa basi. Lazima uende Dar mwenyewe, zaidi ya kilomita 1,100. Mimi nilipanda basi alfajiri Nyegezi na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyonifungia mama. Kufika Singida nilikuwa nimeimaliza, na magoti hayanyooki. Usipange miadi ya asubuhi kwa kutegemea kushuka kwenye basi usiku wa manane. Lala Dar siku moja, oga, vaa shati lililopigwa pasi.

Viza ya Schengen, yaani ile moja inayotumiwa na Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya, unaruhusiwa kuomba hadi miezi sita kabla ya safari. Jibu hutoka ndani ya siku 15, ila sheria inawaruhusu kufika hadi 45, kwa hiyo hesabu 45. Pasi iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kuondoka huko. Bima ya safari igharimie matibabu ya yuro 30,000 kwenda juu. Ada ni yuro 90, lakini kanuni zao zinawasamehe wanafunzi wanaokwenda masomoni, na wengi hulipa kwa kutojua. Uliza kabla hujatoa hela.

Halafu hela. Soma barua ya mwaliko neno kwa neno. Yangu ilisema nauli "itarejeshwa", nami nikasoma "italipwa". Kumbe unatoa mfukoni kwanza, unapeleka risiti, wanakurudishia baadaye. Mjomba anayeuza dagaa soko la Mwaloni ndiye aliyeniokoa, akaniingizia kwenye akaunti kwa mkupuo mmoja, siku sita kabla ya miadi. Dirishani swali la kwanza likawa hilo: hizi zimetoka wapi? Bahati nzuri nilikuwa na barua yake ya kunidhamini, pamoja na leseni yake ya biashara. Pesa ya ndugu si kosa, ila isiibuke ghafla bila maelezo. Beba pia barua ya chuo chako inayosema bado una mwaka wa kumalizia, maana wanataka kujua utarudi kufanya nini.

Sasa Python. Umesema laptopu yako ina ramu ya GB 4. Inatosha, usikope hela ya kununua nyingine. Weka mfumo endeshi mwepesi wa Linux, kama Xubuntu, zoea kufanya kazi kwa kuandika amri badala ya kubofya, na ujue vizuri Git, programu ya kutunza mafaili ya kazi na kushirikiana na wenzako. Kilichonipiga chenga siku ya kwanza ni Git, Python nilikuwa naijua. Mwalimu alisema tuchukue mafaili kwenye hazina ya darasa, yaani ghala la mafaili la Git. Dakika mbili wenzangu wameshaanza zoezi, mimi bado nauliza hazina iko wapi. Programu zote zipakue ukiwa bado Mwanza, kwa bando la usiku.

Wiki ya pili tukaingia kwenye hifadhidata. Kila mmoja aliingiza jina lake kwenye jedwali kwa amri ya SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata. Ya kwangu ikagoma. Kwenye SQL kile kialama ndicho kinachofungua na kufunga maandishi, kwa hiyo mashine ilisoma Ng, ikaona maandishi yameisha, na wandu ikawa takataka isiyojulikana. Mwalimu alifurahi kuliko mimi. Kipindi kizima kikawa juu ya babu yangu: namna ya kuandika kialama mara mbili, na kwa nini programu nzuri haichanganyi amri na maneno ya mtumiaji, maana mwizi wa data hupitia mwanya huohuo.

Madogomadogo: plagi yetu ya miguu mitatu bapa haiingii kule, wana matundu mawili ya duara. Nunua adapta sokoni Makoroboi, hapohapo Mwanza. Mwezi wa saba jua linazama saa tatu na nusu usiku, nami siku ya kwanza nilisubiri giza ndipo nikale. Nikakuta kantini imefungwa zamani.

Cheti chako cha kuzaliwa kiko wapi sasa hivi? Kama umekiacha kwa bibi Magu, panda gari Jumamosi hii, kisha uje uandike hapa jina limekaaje.