Nyanya Bila Wajukuu: Namna ya Kufumbua Fumbo la Maneno Lenye Utani

Kwenye fumbo la maneno la gazetini (crossword), lile la kujaza majibu herufi kwa herufi kwenye visanduku, kidokezo kikiisha kwa alama ya kuuliza, usikiamini. Mtungaji haulizi kitu hapo, anakuonya kwamba anakuchezea. Kila neno aliloandika ni la kweli, ila maana yake siyo ile uliyoipokea uliposoma mara ya kwanza.

Tuanzie nyumbani. Nikikupa kidokezo "Nyanya bila wajukuu?", herufi saba, mawazo yako yatamkimbilia bibi kizee mpweke, na hapo umeshaingia mtegoni. Jibu ni TUNGULE, kama sisi watu wa Pwani tunavyoiita ile nyanya ya kutilia mchuzi. Neno "wajukuu" limewekwa pale kukupoteza tu. Angalia pia nilivyokwepa kusema "asiye na wajukuu" au "isiyo na wajukuu". Ngeli ingenichongea papo hapo: ungejua ni nyanya mtu au nyanya ya sokoni. Ndiyo maana utani wa namna hii ni mgumu kuutunga kwa Kiswahili. Sarufi yetu haijui kutunza siri.

Kiingereza hakina mlinzi huyo. Neno linasimama peke yake bila kiambishi cha kulitambulisha, na watungaji wanalitumia pengo hilo kila siku. Kuna kidokezo cha zamani sana cha Waingereza, "Flower of London?", herufi sita. Utafikiria waridi, utafikiria bustani za mfalme. Jibu ni THAMES. Kitenzi "flow" ni kutiririka, na chenye kutiririka London ni ule mto wao.

Mimi mambo haya nilianza kuyapenda Marekani, kwenye kazi ya kutunza wazee. Bibi mmoja niliyekuwa namhudumia alikuwa hagusi kifungua kinywa kabla hajamaliza fumbo la gazeti, na macho yake yalipochoka nikawa mimi ndiye msomaji. Mimi nasoma kidokezo, yeye anajibu, mimi naandika. Baada ya muda akaanza kunyamaza makusudi ili nijibu mwenyewe. Nikikwama hakuwahi kuniambia "soma tena". Aliniambia "kitamke tena, polepole". Ushauri wangu wote leo umetoka kwenye agizo hilo: utani wa maneno unakaa sikioni. Ukikodolea macho karatasi bila kutoa sauti, unajinyima nusu ya ushahidi.

Gazeti lake lilikuwa The New York Times, na utaratibu wake yafaa uujue hata kama unafumbua la gazeti jingine, kwa sababu magazeti mengi ya Marekani yanafuata mtindo wa karibu na huo. La Jumatatu ndilo jepesi kuliko yote, kisha ugumu unapanda siku hadi siku mpaka Jumamosi. Ijumaa na Jumamosi kwa kawaida hayana mada. Jumatatu hadi Alhamisi yana mada, na mara nyingi mada yenyewe ni utani: majibu marefu matatu, manne au matano yaliyochezewa kwa mbinu moja. Alhamisi ni siku ya vituko, usishangae kisanduku kimoja kubeba herufi tatu. La Jumapili ni kubwa, visanduku 21 kwa 21 badala ya 15 kwa 15, nalo lina kichwa chake. Usikiruke kichwa hicho. Mara nyingi mtungaji amekwisha kukuonyesha humo utani wake ukoje.

Miaka ya 1920, Wamarekani walipopagawa na mafumbo haya, The New York Times liliyabeza. Lilikuja kusalimu amri Februari 1942, vita vikiwa vimepamba moto. Mhariri wake wa kwanza wa mafumbo, Margaret Farrar, alisimamia sheria ambazo leo wewe mfumbuaji unaweza kuzigeuza silaha: kila herufi ipitiwe na majibu mawili, la mlalo na la wima, pasiwe na neno la herufi mbili, na visanduku vyeusi vipangwe hivi kwamba ukilipindua jedwali juu chini, sura yake inabaki ileile. Wengi hudhani sheria hii ya mwisho ni urembo tu. Mimi naitumia kila siku. Kama jibu la utani la herufi tisa limekaa mstari wa nne kutoka juu, kuna mwenzake wa herufi tisa mstari wa nne kutoka chini. Unajua utani umejificha wapi kabla hujasoma kidokezo hata kimoja.

Sasa tushike mfano mmoja tuuchambue. Nimeutunga mwenyewe ili nisimharibie mtu fumbo lake la leo, lakini mtindo ndio huohuo. Tuseme jedwali lina majibu marefu matatu: herufi tisa juu, kumi na moja katikati, tisa chini. Vidokezo, nikivieleza kwa Kiswahili, ni hivi. Cha juu: "Daftari la siri za kulungu?" Cha katikati: "Sherehe ya Serengeti ya tarehe 31 Desemba?" Cha chini: "Mahali sungura anapotengenezwa nywele?"

Usianze na hivyo. Anza na vifupi vinavyovikata, upate herufi mbili tatu za kushikilia. Tuseme la katikati limeshaonyesha G mwanzoni, U nafasi ya tatu, na EVE mwishoni. Kila aliyeishi Marekani msimu mmoja wa baridi anajua kwamba mkesha wa mwaka mpya ni "New Year's Eve". Ila hapa neno linaanza na G. Sasa litamke. Mnyama wa Serengeti, anaanza na G, herufi tatu, na jina lake linasikika kama "new". Ni GNU, nyumbu wetu, na jibu ni GNU YEARS EVE. Hapo mbinu imefichuka: neno la mwanzo la msemo unaojulikana limeondolewa, akawekwa mnyama mwenye sauti hiyohiyo. Sasa hivyo viwili vilivyobaki havihitaji herufi hata moja ya msaada. Watoto wa Kimarekani huanza kurasa za daftari lao la siri kwa "Dear Diary", kwa hiyo kulungu ni DEER DIARY. Saluni ya nywele ni "hair salon", kwa hiyo sungura ni HARE SALON. Zihesabu herufi: tisa, kumi na moja, tisa.

Mhariri mzuri haruhusu mbinu ibadilike katikati ya fumbo. Ikiwa utani ni wa sauti zinazolingana kabisa, utakuwa hivyo hadi mwisho. Ikiwa ni wa kubadili irabu, itabadilishwa irabu ileile kila mahali. Kwa hiyo jibu la kwanza ndilo linalokula muda. Ukilipata usikimbilie la pili, simama ujiulize kwa maneno: hapa kimefanyika nini hasa? Ukiweza kulisema kwa sentensi moja, yaliyobaki ni kazi ya mkono.

Kwa sisi tuliokulia Kiswahili, taabu iko kwenye masikio yenyewe. Tuna irabu tano tu, na tumezizoea kiasi kwamba "ship" na "sheep" vinywani mwetu ni neno moja. Mtungaji akiandika SHEEP SHAPE akiwa na "shipshape" (nadhifu) kichwani, Mmarekani anasikia tofauti ndogo na kucheka kwa sababu yake. Sisi hatusikii tofauti yoyote, tunabaki tunajiuliza utani uko wapi. Upande wa pili kuna sauti ambazo Mmarekani huzilinganisha nasi tunazitenganisha. Chukua kidokezo "Kifaa cha kutafutia tuzo za Olimpiki?" Jibu ni MEDAL DETECTOR, mzaha juu ya kile chombo cha kukagulia vyuma, "metal detector". Mmarekani wa kawaida akiongea haraka, T ya "metal" na D ya "medal" zinalainika kuwa sauti moja. Sisi tulifundishwa shuleni kuigonga ile T, kwa hiyo utani unapita juu ya vichwa vyetu.

Na shule zetu zilitufundisha Kiingereza cha Uingereza, ambacho kinaimeza R ya mwisho wa silabi. Kwa Mwingereza wa London, "sauce" na "source" ni sauti moja, na mtungaji wa huko anaweza kukuletea SAUCE OF INCOME bila haya. New York haipiti, kwa sababu Wamarekani walio wengi wanaitamka R yao yote. Kwa hiyo kabla hujatamka kidokezo, kumbuka gazeti limechapwa nchi gani, kisha uige lafudhi ya huko hata kama majirani watakucheka. Mimi naiga, tena kwa sauti, nikiwa jikoni. Lafudhi yangu ya Kimarekani ni mbaya, lakini kazi inafanyika.

Kuna utani ambao hata sikio haliuokoi, ule uliojengwa juu ya msemo usioujua. Huwezi kucheka msemo uliopindishwa kama hujawahi kuusikia ulionyooka. Hapo tafuta kwenye intaneti na usione aibu. Wanaosema huo ni wizi wengi wao walizaliwa na misemo hiyo masikioni. Mimi naweka daftari la misemo mizima: majina ya michezo ya watoto, matangazo ya biashara ya zamani, mashairi ya chekechea, vipindi vya televisheni. Maneno magumu ya kamusi siyaandiki, mafumbo ya utani yanayahitaji mara chache. Yanachokihitaji ni utoto wa Kimarekani, na huo tunaokoteza ukubwani kidogo kidogo.

Vile vifupi vya kujazia navyo vina ukoo wao. ERA, ALOE, OREO, ARIA, EEL, EMU: vina irabu nyingi, kwa hiyo mtungaji aliyebanwa huvikimbilia, na ukivizoea utavijaza kabla hujamaliza kusoma kidokezo. Afrika Mashariki nayo imo. GNU na ELAND wamo kila mara, wakitajwa kama walisha wa mbugani, na Kiswahili chetu kimeingia na BWANA, UHURU na SAFARI. Nakiri BWANA hunikera kidogo, maana vidokezo vyake hunusa kambi ya wawindaji wa enzi ya ukoloni, mkubwa anaitwa na watumishi. Lugha yenye washairi wa karne kadhaa inastahili kutajwa kwa jambo jingine. Ila herufi tano za bure ni herufi tano za bure, naandika na kuendelea.

Mtego mmoja zaidi uutazame vizuri, kwa sababu huu ni wa macho. Kila kidokezo huanza kwa herufi kubwa, na herufi kubwa inaficha majina. Ukiona "Nice friend?", herufi tatu, usitafute sifa za rafiki mwema. Nice ni mji wa Ufaransa, na rafiki wa huko ni AMI. Ikiwa neno la kwanza la kidokezo linaweza kuwa jina la mji, la mtu au la mwezi, lijaribu hivyo kabla ya lolote. Vilevile kidokezo na jibu husimama katika umbo moja: kidokezo kikiwa cha wingi, jibu ni la wingi, weka S mwishoni kwa penseli, kikiwa cha wakati uliopita, ED inawezekana sana. Kikiwa na neno lililofupishwa, na jibu ni ufupisho.

Utafika mahali majina mawili usiyoyajua yanapishana kwenye kisanduku kimoja, na hakuna utani wala sikio litakalokusaidia. Wafumbuaji wa Marekani wanapaita hapo Natick, jina la mji wa Massachusetts ambao mwaka 2008 ulipishana namna hiyo na mchoraji N. C. Wyeth, watu wakakwama kwenye herufi moja. Kwetu Natick ni nyingi kuliko kwao, kwa sababu wachezaji wa besiboli na waigizaji wa miaka ya 1970 hatukukua nao. Ukifika hapo usipoteze jioni yako. Kama kisanduku kinataka irabu, jaribu A, kisha E, kisha O. Ukifumbua kwenye simu, programu itakujulisha kwamba kuna kosa bila kukuonyesha liko wapi, kwa hiyo unaweza kubahatisha mpaka ikubali. Ikikataa katakata, fungua jibu na uliandike lile jina daftarini, maana litarudi. Mel Ott, mchezaji wa besiboli wa New York, alifariki 1958, na mpaka leo watungaji wamekataa kumstaafisha.