Theluji yako imekaa kama chokaa? Anza na vivuli

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini picha yako ya kipupwe haimtii mtu baridi, na theluji inafanana na ukuta uliopakwa chokaa. Nahisi umekimbilia rangi nyeupe mapema mno.

Tafuta mchoro wa Claude Monet, mchoraji Mfaransa, wa 1868–1869, ule wa ndege wa jamii ya kunguru aliyetua juu ya kilango cha mbao. Uko kwenye jumba la makumbusho la Musée d'Orsay, Paris. Jua linatokea nyuma ya uzio, kwa hiyo vivuli vinatujia sisi watazamaji, navyo ni vya buluu. Penye mwanga, weupe umetiwa umanjano kidogo. (Mwaka 1869 waamuzi wa Salon, maonyesho rasmi ya sanaa ya Paris, waliukataa. Shauri yao.)

Basi paka vivuli kwanza, kwa buluu iliyochanganywa na zambarau kidogo. Nyeupe tupu ibakize mwisho, madoa machache tu. Miti ya mbali ipauke, kingo zake zififie. Na yule mtoto wa koti jekundu uliyemweka katikati, mimi ningemfuta: anapiga kelele. Monet ukimya wote kamwachia ndege mmoja.