Vinzi vya kwenye ndizi: dume yupi, jike yupi?

SWALI: Mambo vipi mtaalamu, jikoni kwangu ndizi zikiiva sana wanajaa nzi wadogo wenye macho mekundu, juzi nikaona mmoja anamfuatafuata mwenzake huku kanyoosha bawa moja tu, nikajua kaumia. Ana nini? Na dume namjuaje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Poa ndugu yangu. Hajaumia huyo, anatongoza! Hao ni nzi wa matunda, maabara wanawaita Drosofila, na hilo bawa akilitetemesha linatoa mlio ambao wewe huusikii ila jike anaunasa kwa antena zake. Kwanza anamgusagusa kwa miguu ya mbele kuonja harufu yake, ndo anamwimbia, halafu anamlamba kwa nyuma na kujaribu kumpanda. Jike asipotaka anampiga teke au anaruka zake, na aliyetoka sasa hivi kwenye pupa (kile kifuko ambamo buu anageuka kuwa nzi) ndo kabisa, masaa ya mwanzo hakubali mtu. Wakielewana wanashikana kama dakika 15 mpaka 20, na baada ya hapo jike anakataa wengine siku kadhaa na kutaga kwa wingi, maana kwenye manii ya dume kuna protini inayombadilisha tabia (wivu tu huo ukiniuliza mimi).

Kuwatofautisha: dume ni mdogo kidogo, ncha ya tumbo lake nyeusi na ya mviringo, jike tumbo limechongoka na lina mistari mpaka mwisho. Dume pia ana kichana cha vinywele vyeusi miguu ya mbele, ila hicho bila lenzi hukioni.