Sauti zimenyamaza, nguo hazinitoshi

SWALI: Dada, nina miezi minane natumia olanzapini, dawa ya kutuliza sauti ninazosikia kichwani, miligramu 10 kila usiku. Sauti zimenyamaza, namshukuru Mungu. Lakini nilianza na kilo 61, leo nina 74. Usiku wa manane najikuta nimesimama mbele ya friji, nakula bila hata kuwasha taa. Asubuhi hadi saa nne kichwa bado kizito, na kazini nimeshapewa onyo. Wiki iliyopita niliruka dozi mbili kimyakimya, nikajisikia mwepesi. Je, niache?
Aliyechoka Kulala

JIBU: Mdogo wangu, hizo dozi mbili zimenishtua kuliko kilo 13. Wepesi uliousikia ni wa kweli, sikatai. Ila miaka yangu ya uuguzi wodini nimewapokea wengi walioanza hivyohivyo. Ugonjwa mara nyingi haurudi kesho yake. Huja baada ya wiki kadhaa au miezi, wakati mtu ameshajiaminisha kuwa amepona. Usiache. Zilizopita zimepita, usimeze mbili kufidia.

Njaa yako si ulafi. Olanzapini huziba vipokezi (milango ya kupokelea) vya histamini, kemikali ya mwili, kwenye ubongo, na hivyo vinahusika na kukaa macho na vilevile na kushiba. Ndiyo maana usingizi na njaa vimekujia kama mapacha. Yenyewe na dawa nyingine iitwayo klozapini ndizo zinazoongoza kwa kunenepesha katika kundi lao. Anayekuambia "jizuie tu" hajawahi kuamshwa na njaa ya dawa. (Nami nilikuwa nikiwaambia wagonjwa hivyo nilipokuwa mgeni kazini. Najuta.)

Sasa, unameza saa ngapi? Dawa hii hufika kileleni saa sita hivi baada ya kumezwa. Ukimeza saa tano usiku, kilele ni saa kumi na moja alfajiri, na wewe ndiyo unataka kuamka! Muulize daktari kama unaweza kuisogeza hadi saa mbili. Angalia pia vidonge vya mafua au mzio, vingi huongeza usingizi. Pombe ndiyo usiseme. Na je, umeacha sigara karibuni? Moshi wa tumbaku hulifanya ini liivunje dawa hii upesi, hivyo anayeacha hubaki na dawa nyingi zaidi mwilini. Usirudie kuvuta, mwambie daktari tu. Ukiwa na usingizi huo, usukani uache.

Kuhusu kilo, nilikuwa na mgonjwa aliyeapa kwamba hali chakula kupita kiasi. Tukakaa tukahesabu: soda nne kwa siku, kwa sababu dawa ilimkausha mdomo. Alipohamia maji na chingamu isiyo na sukari, mzani ulitulia. Anzia hapo kwenye vinywaji, kabla ya kujitesa kwa njaa.

Daktari naye ana njia zake: kupunguza dozi, kukuhamishia polepole kwenye dawa isiyonenepesha sana kama aripiprazoli, au kuongeza metformini, dawa ya kisukari inayowasaidia baadhi ya watu kudhibiti uzito. Dai upimwe sukari, mafuta ya damu na presha. Kwa kweli kilo 3 za mwezi wa kwanza tu zingetosha kumshtua mtu.

Usisubiri kliniki ijayo. Nenda na karatasi: kilo ulizoanza nazo, za leo, saa unayomeza, saa kichwa kinapofunguka. Na zile dozi mbili ziandike juu kabisa.