Re: Unga wa komamanga unazuia kansa ya utumbo mpana?

Salama mkuu. Umeuliza kama ununue ule unga wa komamanga kwa vile baba yako mdogo aliugua kansa ya utumbo mpana, na wewe choo kina damu wiki ya tatu sasa. Anza na hiyo damu, nenda hospitali waambie na habari za baba mdogo, ikibidi wakupige kamera ya utumbo. Sisi mama tulimpa dawa za bawasiri miezi minne kumbe ni uvimbe.

Komamanga si uongo mtupu, bakteria wa tumboni wanaligeuza kuwa urolithini, kemikali inayodhaniwa kusaidia utumbo, ila si kila mtu anao hao bakteria, hela inaweza kuishia chooni. Maharage ndo naamini zaidi, nyuzinyuzi zake bakteria wanazichachusha wanatoa butireti, chakula cha seli za ukuta wa utumbo. Mwaka 2015 ilitoka tafiti Wamarekani weusi na watu wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana vyakula wiki 2 tu, Wamarekani wakala vya nyuzinyuzi nyingi, wenzao vya nyama na mafuta, kwa Wamarekani butireti ikapanda na uchochezi kwenye kuta za utumbo ukapungua, kwa wenzao ikawa kinyume. Kansa yenyewe hawakupima lakini, wiki 2 hazitoshi.

Home soseji tumeacha, makande kwa sana. Anza kidogokidogo tu, gesi yake kwenye daladala utashushwa.