Kwa nesi mpya wa kliniki ya wajawazito

Kutoboa kidole na kusoma kipimo utajifunza siku ya kwanza. Kipimo cha pamoja cha VVU na kaswende hutaka tone la damu na dakika kama 20. Ugumu uko kabla ya hapo.

Kwenye zahanati zetu Tanzania ni nadra mjamzito kukataa kupima waziwazi. Husema, "Nesi, nitarudi na mume wangu." Usimhesabu mkaidi. Sindano haimtishi, anaogopa jioni ya siku hiyo nyumbani: atamwambiaje mume, na akifukuzwa ataenda wapi na mimba yake. Mpeleke pembeni umuulize, "Dada, majibu yakiwa na shida, nyumbani itakuwaje?" Halafu nyamaza umsikilize. Wengine watataka wapime wawili, wengine watapima hapo hapo wakishajua siri ni yao.

Kumwalika mwenza ni jambo jema, lakini lisiwe sharti. Hili linaniuma sana. Binti aliyekimbiwa na mwanamume anaambiwa akalete barua ya mwenyekiti wa mtaa kueleza kwa nini amekuja peke yake, anaona aibu, anakaa nyumbani, anakuja tena tumbo likiwa la miezi minane. Kaswende hutakiwa kutibiwa angalau siku 30 kabla ya kujifungua ili mtoto apone. Hizo wiki zilizopotea tumezipoteza sisi.

Kabla ya kumtoboa, mpe sababu. Mwambie kwamba bila dawa, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa VVU na mama zao, lakini mama akitumia dawa vizuri, hata akinyonyesha, wanashuka chini ya 5. Nimeona nyuso zikibadilika kwa maneno hayo.

Angalia pia milango. Wenye maambukizi wakielekezwa chumba cha peke yao, benchi zima linajua, na wiki ijayo mtaa mzima. Dawa zitolewe kwenye chumba kile kile cha kliniki.

Vitendanishi, yaani vifaa vya kupimia, vihesabu mapema, hasa vya kaswende na homa ya ini B. Mama aliyekuja na nauli tu, ukimwambia akapime kwa kulipia nje, hapimi.

Na aliyekutwa hana VVU hudhurio la kwanza, mpime tena miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Tunamruka kwa sababu kadi yake tayari ina majibu.