Siku moja Mombasa inatosha, ukifuata saa za mji

Tangu nilipoweka picha zangu za Mombasa hapa wiki iliyopita, nimepokea jumbe nyingi, na ulionigusa zaidi umetoka kwa dada mmoja wa Nakuru. Anasema alifanya kazi Mombasa ujanani, akaolewa, akahamia bara, na sasa mwezi ujao ana siku moja tu ya kurudi. Wenzake wanamwambia siku moja ni kujitonesha kidonda, heri asubiri likizo.

Dada, usisubiri likizo. Likizo ndiyo inayotuweka mbali na Mombasa miaka nenda miaka rudi. Unasema utaenda wiki nzima mwezi wa Desemba. Desemba inafika, unakumbuka karo ya Januari, safari inaahirishwa. Mimi nimetoka huko juzi. Nilikuwa na mchana mmoja mikononi, na nimerudi Nairobi nimeshiba mji ule kuliko nilivyowahi kushiba kwa safari ndefu za harusi na matanga.

Mimi ni mtoto wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale. Nimezaliwa pale, nikasoma chuo cha Kurani pale, nikajua kuogelea kabla sijajua kuandika jina langu. Nayasema kwa fahari, na pia ili ujue kwamba ushauri huu ni wa mtu anayerudi kwao. Mtalii ana mambo yake, na wa kumwongoza wapo tele.

Kwanza usafiri, niumalize. Panda treni ya usiku. Inaondoka Nairobi saa nne na kukufikisha Miritini, iliko stesheni ya Mombasa, kabla ya adhana ya alfajiri, na ya kurudi inaondoka Miritini saa nne usiku vilevile. Kwa hiyo mchana wote ni wako na hulipi chumba. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu nauli zilipopandishwa mwaka 2024. Beba kitambulisho na shuka nyepesi, maana kiyoyozi cha mle ndani hakina huruma. Ukishuka, subiri pale stesheni hadi kuanze kupambazuka, ndipo upande matatu ya mjini.

Sasa nikwambie jambo lenyewe. Mombasa ina saa zake, na anayekuja na saa za Nairobi atahangaika. Mji unaamka mapema, unafanya kazi, jua likisimama unajifungia ndani, kisha baada ya alasiri unatoka tena na haurudi kulala upesi. Ukijua hivyo, siku moja ni ndefu. Usipojua, utazunguka juani saa saba mchana ukigonga milango iliyofungwa, halafu urudi bara useme mji umekufa.

Asubuhi ni ya mbaazi na mahamri. Hapo sina mjadala. Nilifika Mji wa Kale mapema, nikamkuta mama mmoja ana sufuria mbili kibarazani. Mbaazi zake alizipika kwa tui zito, zimeshikana, juu yake mafuta ya nazi yameanza kujitenga na kuwa na rangi ya manjano. Mahamri yalikuwa yanatoka kwenye karai wakati huohuo, ukilipasua moja linatoa mvuke na harufu ya iliki. Nilikula nimesimama, nikaagiza tena. Saa tatu ukipita pale utakuta sufuria zinaoshwa, basi usianze siku yako kwa chai ya hotelini.

Baada ya hapo nilifanya jambo ambalo ningemshauri kila mtu, nalo ni kuvuka feri ya Likoni na kurudi. Anayekwenda kwa miguu halipi chochote. Asubuhi mapema watu wa Likoni wanakuja kisiwani kazini na jioni wanarudi, kwa hiyo ngoja kama saa nne, msongamano upungue. Simama pembeni, upepo wa kusi ukupige. Nilibahatika: meli ya makontena ilikuwa inaingia bandari ya Kilindini, feri ikangoja ipite, na sote tukanyamaza tukiitazama. Ile meli ni ndefu, ukiwa chini yake huoni mwisho. Nimeona bahari nyingine, lakini pale ndipo moyo wangu unapotulia.

Zaidi ya hapo, usitoke kisiwani. Najua utashawishika kwenda Nyali, Bamburi, hata Mtwapa, maana rafiki zako wengi wamehamia huko na watakuita. Kataa kwa upole. Foleni ya daraja la Nyali inaweza kukumalizia saa mbili zako nzima, na saa mbili kwa mtu mwenye siku moja ni mali.

Nikaenda Kibokoni, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu nawe utapita ulipokuwa ukiishi.

Nyumba ya babu yangu iliuzwa baada ya mazishi ya baba. Sisi watoto wake tuliokuwa mbali hatukuulizwa. Tuliambiwa mambo yameshakwisha. Ilikuwa nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari yake ya boriti za mikoko, na mlango wa nakshi ambao babu aliupaka mafuta kwa mkono wake kila ukikaribia mwezi wa Ramadhani. Mlango ule haupo tena. Pale pana geti la chuma lililopakwa rangi ya kijani. Kizingiti cha chini tu ndicho kile kile. Kimelika katikati kwa nyayo zetu, upande wa kulia zaidi kwa kuwa ndio uliokuwa ukifunguliwa. Niliinama nikakigusa. Kijana mmoja akatoka na kuniuliza natafuta nani. Nikamwambia simtafuti mtu. Miaka imepita na bado inaniuma, na sioni haya kusema inaniuma.

Lakini sikukaa pale. Huo ndio ushauri wangu: pita ulipokuwa ukiishi, itazame, iombee dua, uende zako. Usifanye nyumba iliyopotea ikule siku yako yote. Walioiuza wameshalala usingizi wao, na mji ni mkubwa kuliko nyumba moja.

Jua lilipokuwa kali nikaingia Ngomeni, yaani Fort Jesus, nasi tuliokulia pale huwa hatuingii. Tunapita nje tukiwaona wageni wakipiga picha, tunadhani tumeshaijua. Ngome Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ikazingirwa na Waomani kuanzia 1696 hadi 1698, Waingereza wakaifanya jela, na tangu 2011 imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Hayo yote nilifundishwa shule. Ambacho sikufundishwa ni ule ukuta wenye michoro ya Wareno. Wamechora kwa makaa na udongo mwekundu meli, samaki na watu, mistari ya haraka haraka, kazi ya mtu aliyechoka kungoja. Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu. Askari aliyekuwa mbali na kwao karne nne zilizopita alichora meli, nami niliyetoka mbali kuja kwetu nikawa naitazama. Ingia, hata kama ulishaingia. Malipo ni kwa eCitizen, mtandao wa serikali, kwa hiyo hakikisha simu ina salio na chaji.

Mchana nilikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikapumzika msikitini. Marikiti nilipita kwa viungo tu. Zile pembe kubwa za ndovu za Moi Avenue piga picha ukitaka, hazina haja ya zaidi ya dakika tano.

Baada ya alasiri ndipo siku inapokuwa tamu. Tafuta mtu mmoja ukae naye. Mmoja! Mimi nilimchagua mzee mmoja aliyekuwa rafiki ya marehemu baba, ambaye jioni hapungui barazani penye kahawa. Aliponiona alisogea kidogo tu akanipisha nafasi, utadhani niliondoka jana.

"Kaa kitako, mwanangu. Wenda wapi na jua hili?"

Muuza kahawa akainamisha dele lake, akatumiminia kahawa chungu, na kipande cha kashata. Mzee alinieleza nani kafa, nani kaoa, nani kaenda Uarabuni na nani karudi. Hakuniuliza mshahara wangu wala kwa nini sijajenga. Saa nzima ile imenilisha kuliko ziara za nyumba kumi zenye soda na kutazamana.

Ndiyo, jamaa walijua. Kisiwani habari haina haja ya simu. Mamangu mdogo alinipigia hata sijamaliza kikombe. "Mwaja na mwenda, kwetu hampiti. Siku hizi wewe mgeni wa mji?" Neno hilo lilinichoma, na nilimjibu kwa heshima kwamba nitakuja kwake kwa safari yake peke yake. Nasimama hapo. Ukiwa na siku moja na ukaanza kugawa nusu saa kwa kila shangazi, mwisho utakuwa umeketi kwenye makochi mengi na hukuiona Mombasa. Na anayekupenda kweli atakuelewa, hata kama atanung'unika kwanza. Tuache kuwa watumwa wa lawama. Watu wengi wameacha kurudi makwao kwa kuogopa lawama tu, na hiyo ni hasara kubwa kuliko lawama zenyewe.

Jioni nenda bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari. Pamekarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, wengine wanalalamika kwamba pamekuwa pa kisasa mno. Mimi nimepapenda: benchi zipo, watoto wanakimbia bila hofu ya magari, na ile mibuyu ya zamani bado imesimama. Nunua muhogo wa kuchoma, upasuliwe katikati, utiwe chumvi ya pilipili na ndimu, na dafu la kuteremshia. Usile chakula kizito kabla, utajinyima.

Hesabu muda wako wa kuondoka vizuri. Miritini mizigo inakaguliwa kabla hujaingia, na foleni ya jioni kutoka kisiwani haitabiriki, kwa hiyo ikifika saa moja na nusu uwe njiani. Hilo ni gumu kwa kuwa ndio wakati mji unaanza kuwasha majiko ya mshikaki. Fanya hivyo hivyo.

Mambo mawili zaidi, dada. Ukija Ijumaa, jua kwamba maduka mengi ya Mji wa Kale yatafungwa wakati wa sala, na ukija mwezi wa Ramadhani, mchana hutapata hizo mbaazi, bora ulale usiku mmoja uonje futari. Na umeniuliza kama uwabebe watoto. Safari hii waache. Watoto watataka kuogelea, fukwe nzuri za kuogelea ziko ng'ambo, na hapo utajikuta kwenye foleni ya Nyali niliyokukataza. Njoo wewe mwenyewe, au na mumeo kama ni mtu wa kutembea kwa miguu. Na tiketi ya kurudi ikate pamoja na ya kuja, maana za Jumapili usiku huisha mapema.